Watoto wa Kuazimwa

Mtu asiyebishana bei ana jambo. Hilo nimelijua tangu nianze kuuza maharagwe katika soko la Kitale. Kwa hiyo siku ile yule mwanamke aliposimama mbele ya meza yangu, akaonyesha maharagwe ya njano, akauliza bei, nikampandishia kwa makusudi, naye akafungua mkoba bila hata kusonya, niliacha kupima. Nikaweka gorogoro chini, lile kopo letu la kupimia, nikamtazama vizuri.

Nilikuwa nimemwombea mabaya kwa utaratibu. Jumapili nilimwombea kanisani. Siku za kazi nilimwombea hapo hapo mezani, kati ya mteja na mteja. Sikuomba makubwa. Niliomba tanki lake la maji lipasuke. Niliomba mbwa wake awe rafiki wa wezi. Mungu alikuwa bado anafikiria, na sasa mwenyewe amekuja kwa miguu yake.

"Habari ya biashara, dadangu?" akasema.

Dadangu! Mara ya mwisho kuongea na mimi aliniita mama wa gunia.

Huyu mwanamke ana nyumba ya mawe pale juu ya Kipsongo, mahali ambapo vibanda vinaisha na mageti yanaanza. Sebuleni na katika chumba cha nyuma alikuwa anaweka watoto wa watu. Sokoni tunaita bebikea: unamwacha mtoto asubuhi, unalipa, unamchukua jioni. Serikali ya kaunti ina nasari, sikatai, tena ukutani wamechora twiga mzuri kabisa. Lakini nasari inaanza mtoto akifika miaka minne, na watoto wanarudishwa nyumbani saa sita mchana. Kabla ya miaka minne mtoto ni mali ya mgongo wa mamake, na baada ya saa sita vile vile. Sijui aliyepanga hivyo ni nani, ila nina hakika hajawahi kuuza kitu.

Binti yangu alikuwa hajafika miaka mitatu. Baba yake alikuwa Nairobi, yaani hakuwa Kitale. Zaidi ya hapo sina habari. Kwa hiyo bebikea ndiyo ilikuwa mume wangu. Ilinisumbua, ilikula pesa, lakini angalau ilikuwa na mlango.

Mlango huo ulikuwa unafungwa saa kumi. Siku moja nilikuwa nimeenda Suam, mpakani, kuchukua mzigo. Mvua ikanyesha, lori lililobeba maharagwe yangu likazama kwenye matope, na mtu haachi mzigo wake njiani akakimbilia mtoto, kwa sababu mzigo ndio unaomlisha mtoto. Nilifika jua likiwa linazama. Binti yangu alikuwa nje ya geti. Nje. Amekalia mfuko wake wa nguo, kichwani amefunikwa karatasi ya plastiki kama mche wa nyanya. Mbwa alikuwa ndani.

Mwenye nyumba akatoka na mwavuli. Hakuja karibu. Alisimama pale ambapo wapita njia wangesikia.

"Hii si boma ya kuku," akasema, "ati mtu anakuja kufungia wakati anataka! Na huyu wako anakojoa kila saa. Ananuka kama gunia. Mama wa gunia, mtoto wa gunia. Peleka yeye huko kwenu Kipsongo!"

Mimi hata siishi Kipsongo. Lakini sikumrekebisha, kwa sababu waliokuwa wanapita wengi walikuwa wa Kipsongo, na ningejitenga nao ningekuwa nimewatukana mara ya pili. Nilihesabu waliosimama kutazama: saba. Nikahesabu tena: wanane. Mmoja alikuwa ameenda kumwita mwenzake.

Sikumjibu. Mimi simjibu mtu nikiwa nimelowa. Nilimfunga mtoto mgongoni, maji yake na yangu yakawa kitu kimoja, tukaenda. Lakini kila neno nililiweka, na lile la gunia nililiweka juu ya mengine yote.

Wiki hiyo hiyo nilimpeleka mtoto kwa mamangu, Naitiri, upande wa Bungoma. Ningefanya nini? Nilijaribu kumlaza chini ya meza ndani ya katoni, kama wenzangu, akameza harage likamkwama. Tulimpiga mgongo mpaka likatoka. Mamangu hakukataa. Alimchukua, akambusu shavu, kisha akanitazama mimi.

"Mayi," akaniita, kwa kile Kibukusu cha kumwita binti yako kama vile ni mama yako, "mimi nitakaa na yeye. Rakini mguu hii imekataa kurima, sasa itakubari kukimbizana na mtoto?"

Mamangu akisema Kiswahili, l na r hubadilishana viti, na ukimrekebisha anakuuliza kama umekuja kumtembelea au kumsahihisha.

Mguu ulikuwa umevimba tangu msimu wa kupalilia. Alienda nao mpaka hospitali ya Bungoma mjini, wakamwambia asibebe kitu kizito. Akarudi nyumbani akambeba mtoto, kwa sababu mtoto alikuwa analia na hakuna mwingine. Alimpeleka nasari ya pale Naitiri vile vile. Mwalimu akamtazama mtoto, akamtazama bibi.

"Kukhu, huyu bado. Mlete akifika miaka minne."

"Na mguu itangoja?" mamangu akauliza.

Mimi nilikuwa nakwenda Jumapili, na si kila Jumapili. Mara ya kwanza mtoto alinikimbilia. Mara ya pili alitembea. Halafu ikafika siku nilipoingia uani, akanitazama, akainua mkono kunisalimia kwa adabu aliyofundishwa, akasema, "Shikamoo, anti."

Mamangu alicheka ili mimi nisilie. Kisha mtoto akageuka akamwita yeye mama, akataka maji.

Hapo ndipo nilipojua bei ya yale maneno ya getini. Nilikuwa nimedhani yule mwanamke amenitukana tu. Kumbe alikuwa ameniondoa.

Kwa hiyo alipokuja mezani kwangu na kuniita dadangu, moyo wangu ulikaa kimya, kama paka anavyokaa kimya.

"Mtoto hajambo?" akauliza.

"Hajambo huko kwa nyanyake."

"Aki huyo mtoto nimemkosa!"

"Ulimkosa ukamweka nje."

Akacheka kana kwamba nimemtania. "Wacha ya zamani bana. Mambo ni mbele."

Mambo ya mbele yalikuwa haya. Kaunti ilikuwa imeamua kusaidia vile vituo vidogo vya majumbani vinavyolea watoto wa chini ya miaka minne, hasa watoto wa mama wa soko na wa vibarua. Kituo kikikubaliwa kitapewa mikeka, vitanda vidogo, unga wa uji na maziwa, na mlezi mmoja atalipwa na kaunti. Ila lazima ofisa aje aone watoto kwa macho yake, na wawe wengi wa kutosha. Naye huyu hakuwa na watoto. Wale wa wazazi wenye mishahara walikuwa wamehamia kituo kipya chenye bembea. Wale wa soko alikuwa amewafukuza mwenyewe, mmoja mmoja, kwa mdomo wake.

"Ni siku moja tu," akasema. "Asubuhi mpaka jioni. Nimeambia ofisa niko na watoto wa soko."

"Na uko nao?"

"Si ndiyo nimekuja."

"Soko limejaa watoto. Mbona unataka wangu aliye Naitiri?"

Akainama, sauti ikashuka. "Wako alishakaa kwangu. Anajua choo iko wapi, anajua pa kulala. Mtoto mgeni atazunguka tu kama kuku ya kununuliwa, na ofisa ataona."

Hapo hata mimi nilimpa heshima yake. Alikuwa amefikiri.

Asiye wa kwetu atashangaa: mtu anaazima mtoto? Kwetu tunaazima kila kitu. Tunaazima viti vya matanga na sufuria za harusi. Nimeona mtu akiazima ng'ombe ili wageni wa posa wakifika waone zizi lina pumzi. Nimeona akiazimwa mjomba, mzee mwenye kofia nzuri, akae tu na kukohoa kwa uzito mahari ikijadiliwa. Hakuna aibu katika kuazima. Aibu iko katika kurudisha, na sheria yake inajulikana kutoka Naitiri mpaka mlimani: chombo ulichoazima hukirudishi kitupu. Umeazima bakuli, rudisha na viazi ndani. Umeazima ungo, rudisha na konzi ya wimbi. Kurudisha chombo kitupu ni kumtukana mwenyewe bila kufungua mdomo.

"Sawa," nikasema. "Utanirudishia na nini?"

Uso wake ukafunguka. Alidhani amefika. "Nitakuletea mkate."

"Mkate?" Nikasonya kwa niaba ya ukoo wangu wote. "Mtoto mzima, na mdomo wake na miguu yake, kwa mkate?"

"Na maziwa pakiti."

"Na sukari."

"Sukari robo."

"Sukari robo ni ya kuonja. Weka nusu."

Tulibishana hivyo kwa muda. Niliipigania sukari ile kwa bidii ya mtu anayepigania shamba la babake. Nilimwacha anishushe, nikapanda, akanishusha tena, nikanung'unika. Mtu akishakushinda kwenye sukari hakuulizi ni nini kingine ulichokuwa unataka. Mwishoni nikaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo:

"Na ofisa akiingia, akukute umembeba mtoto wangu mgongoni. Wewe mwenyewe."

"Mimi?"

"Ndiyo ionekane unawapenda."

Akajigusa begani. Mgongo ule ulikuwa na blauzi ya hariri. "Sawa," akasema, akachukua maharagwe yake akaenda. Nilimpimia vizuri, kwa kopo ambalo halijabonyezwa chini. Sikutaka anidai chochote.

Jirani yangu wa meza anauza leso na malapa. Ni Mwislamu, nyumba yao iko karibu na msikiti, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka mtu anaona haya kumjibu. Ana mapacha wa kiume. Walifukuzwa kwenye bebikea ile ile, kwa sababu mmoja alimng'ata mpwa wa mwenye nyumba. Wa pili hakung'ata mtu, lakini alifukuzwa kwa kufanana. Mama yao alikuwa amesikia yote.

"Na kwangu kaja jana," akasema. "Nilimwambia nitafikiri."

"Umefikiri?"

"Nimefikiri tumpe. Tena tumpe zaidi ya alivyoomba."

Tukatazamana. Hakuna kati yetu aliyecheka, maana jambo lilikuwa zuri mno.

Siku zile zilizobaki tulizunguka soko, mimi upande wa nafaka, yeye upande wa nguo. Tulikusanya watoto waliokuwa wanalala kwenye katoni chini ya meza, na wale waliokuwa wanafungwa kwa leso kwenye mguu wa benchi wasitambae mpaka barabarani. Mama zao tuliwaeleza kila kitu, na sehemu ya pili tuliieleza mara mbili.

Nikaenda Naitiri kumchukua binti yangu. Mamangu alifungasha nguo zake polepole, huku amekalia kiti kwa sababu ya mguu.

"Unampereka kwa yure yure?"

"Kwa yule yule, mama."

"Na kama atamweka nje tena?"

"Safari hii atatamani angeweza."

Mamangu hakuuliza zaidi. Alinijua tangu tumboni.

Asubuhi ya ofisa tulifika tumejipanga. Mwenye nyumba alituhesabu getini, na jinsi uso wake ulivyokuwa ukipanuka nadhani alikuwa ameanza kuona vitanda. Wazazi aliwataka pia, kwa sababu ofisa alikuwa ametaka kuongea nao. Sofa zilikuwa bado sebuleni, zimevaa vitambaa vyeupe, na watoto walikuwa wamekatazwa kuzikaribia. Nikamkumbusha makubaliano yetu. Akainama, nikamwekea binti yangu mgongoni, nikamfunga kwa leso mpya ya jirani yangu. Nilifunga fundo kwa utulivu. Nilitaka nilikumbuke.

Ofisa wa kaunti akaingia. Alikuwa mama wa makamo, viatu vimejaa vumbi, simu mkononi. Hakusifu vitambaa. Aliwahesabu watoto kwa macho, kisha nikamwona anaanza upya, sasa kwa kidole. Nikampenda papo hapo. Halafu nikamwogopa.

Maana ndipo binti yangu alipomtambua anayembeba. Sijui ni harufu ya mafuta yake, sijui ni sauti aliposema "Karibu, madam." Mtoto alipiga ukelele ambao sijausikia tena tangu siku hiyo. Akajirusha nyuma, akazipiga teke zile mbavu za hariri, akanyoosha mikono kwangu. Na kwangu hakuniita anti. Aliniita mama, mara nyingi, moja juu ya nyingine.

Ofisa akasogea.

"Huyu mbona anakuogopa?" akamwuliza mwenye nyumba. "Si ulisema amekaa hapa mwaka mzima?"

Mwenye nyumba akalishika fundo la leso kifuani. Akanitazama mimi. Na macho yale, jamani, laiti ningekuwa na pa kuyaweka. Alikuwa ameloa jasho. Alikuwa amesimama mbele ya watu, na neno moja langu lingemtoa nje ya geti la maisha yake.

Ndimi niliyeyaleta hayo. Kama singedai ambebe, mtoto angekaa kwenye mkeka na wenzake. Kisasi changu kidogo kilikuwa kinaelekea kula kile kikubwa. Na neno nilikuwa nalo, limeiva: Huyu mama alimfukuza mtoto wangu, hawa wote ni wa kuazimwa. Ningelisema, angeaibika vile nilivyotaka. Kisha ofisa angefunga simu yake aende, na sisi tungewabeba watoto wetu turudi kwenye katoni, na Jumapili ningeenda Naitiri kusalimiwa shikamoo.

Ng'ombe wa adui ukimchinja unakula siku moja. Ukimfunga, unakamua.

"Madam," nikasema, nikimfungua mtoto kwenye mgongo ule, "huyu alikuwa kwa nyanyake Naitiri. Amerudi juzi tu. Bado hajazoea."

Kila neno lilikuwa kweli. Ofisa alinitazama kwa muda, na nadhani alijua, na nadhani aliona pia watoto wenyewe wako, wana pua na wana njaa, na mama zao wanafanya kazi. Akainua simu, akawapiga picha mmoja baada ya mwingine, kila mtoto na mama yake. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika:

"Sasa hawa ndio watoto wa kituo hiki. Msaada utakuja kwa ajili ya hawa niliowapiga picha. Ada ya mama wa soko itakuwa ile iliyopangwa, hakuna kupandisha. Na mimi nitakuwa napita bila kupiga hodi."

Mwenye nyumba alishukuru mpaka akapiga goti kidogo. Alikuwa bado hajasikia kilichosemwa. Alikuwa ameisikia mikeka tu.

Jioni tulienda kuwachukua watoto. Alitupokea na mifuko ya karatasi, mkate na maziwa na sukari, kila kitu kama tulivyopatana. Alikuwa amechoka lakini ana furaha.

"Asanteni sana, mama zangu. Mungu awabariki."

"Asante na wewe," nikasema. "Kesho tuwalete saa ngapi?"

"Kesho?" Akacheka. "Kesho gani? Si imeisha."

"Imeisha nini?" akauliza mama wa mapacha, kwa ule upole wake. "Mbona serikali imesema ni wako?"

"Lakini tulikubaliana siku moja! Mimi niliazima tu!"

"Ndiyo," nikasema, "na chombo cha kuazima hakirudi kitupu. Mkate si kitu, madam. Chukua mkate wako. Rudisha mtoto wangu na nafasi yake ndani."

Aliangalia mfuko mkononi mwangu, akaangalia mama waliojaa getini kwake, wale wale waliofukuzwa na wale ambao hangewaruhusu hata kuegemea ukuta. Nilimwona akihesabu. Alihesabu mara moja tu, na ndipo anapokosea.

"Nyinyi watu ni wabaya," akasema pole pole.

"Sisi ni watoto wa soko," nikamjibu. "Wewe ndiye ulitutangaza."

Kesho yake tulifika saa moja kasoro. Mbwa alikuwa amefungwa.

Yaliyofuata niliyala taratibu, kama mtu anayetafuna muwa. Mikeka ilikuja, na vitanda, na mikeka inataka sakafu. Kwa hiyo sofa zilitoka. Zilipelekwa verandani zikafunikwa plastiki, na kila asubuhi nilipomleta mtoto niliuliza, "Sofa zimeamkaje?" Siku nyingine alinijibu, siku nyingine alifunga mdomo kama mtu mwenye jino bovu. Mumewe nilimkuta mara kadhaa anakunywa chai amesimama jikoni, mtoto wa mtu ameshika suruali yake. Yule pacha aliyeng'ata aling'ata tena, kitambaa cheupe safari hii, akakipasua katikati. Mamake aliomba radhi kwa Kiswahili kizuri mno hata mtu hangeweza kukasirika.

Alijaribu kututoa. Alisema huyu ana kikohozi, yule ana upele, huyu anakula sana. Kila akianza, mmoja wetu alitaja ofisa, naye akanyamaza. Na yule mlezi aliyelipwa na kaunti alikuja akiwa msichana mpole mwenye cheti cha malezi. Watoto walimpenda siku ile ile. Binti yangu alilia asubuhi za kwanza, akishika shingo yangu. Sitadanganya kwamba hilo halikuniuma. Kisha akaacha. Akawa ananikabidhi mkono wangu mwenyewe, kama mtu anayerudisha kitu cha watu, anakimbilia mkeka wake. Jioni alinijia mbio, na jina langu la mama alilipata, na akalikaza.

Lakini mwenye nyumba alikuwa amebaki na silaha moja, naye alijua kuitumia. Saa kumi ikigonga, geti linafungwa. Soko linachemka saa kumi na moja, watu wa ofisi wakitoka kazini na kutaka maharagwe ya usiku. Sisi tulikuwa tunafunga meza wakati huo huo wa wateja, tunakimbia mlimani tukihema, naye amesimama getini na saa yake ya mkononi, anatabasamu. "Mmechelewa kidogo leo." Alikuwa anajua kwamba mmoja wetu atashindwa siku moja, na siku hiyo atamwondoa kwa haki kabisa.

Sikubishana naye getini. Getini ni kwake. Nilingoja mkutano wa wazazi.

Ofisa aliuitisha mwenyewe, baada ya watoto kuwa wamekaa msimu mzima. Tuliketi kwenye madawati uani. Ofisa akaanza kwa kumsifu mwenye nyumba: amefungua mlango wake kwa watoto ambao wengine wanawakataa, amejitolea sebule yake, ametoa hata sofa. Akampa na jina: mama wa soko. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, sana, mpaka mama wa mapacha akanigusa kiwiko.

Mwenye nyumba akasimama, akapangusa jicho. "Hawa watoto ni kama wangu," akasema. "Siwezi kuachana nao."

Nilimwacha amalize. Nilitaka sentensi hiyo ikauke vizuri.

"Kuna mzazi mwenye swali?" ofisa akauliza.

Nikainuka. "Tunamshukuru mama yetu. Na kwa sababu hawezi kuachana nao, tunaomba akae nao zaidi kidogo. Soko halifungi saa kumi, madam. Tunaomba saa mbili za usiku."

Kelele ikapanda. Hakuna anayenunua maharagwe saa mbili za usiku, lakini bei inaanzia pale inapouma.

"Saa mbili!" mwenye nyumba akaruka. "Kwani mimi sina familia?"

"Si hawa ndio familia?" mtu akauliza nyuma.

Ofisa alikuwa ananitazama, na safari hii nilijua kwamba anajua. Alijikuna sikio. "Mama wa soko, unasemaje? Unaweza kuongeza?"

"Naweza ongeza nusu saa."

"Nusu saa ni ya kufunga turubai tu," nikasema. "Saa moja na nusu ya usiku."

"Saa kumi na moja!"

"Saa moja kamili, na hapo natupa bei."

Mama wa mapacha akainua mkono. "Jamani, tumwonee huruma. Ni mtu mzima."

Mwenye nyumba akamgeukia kama aliyetupiwa kamba majini. "Saa kumi na mbili na nusu!" akasema. "Basi! Hapo nimekufa."

"Usife," nikasema. "Nani atatulelea? Saa kumi na mbili na nusu, sawa."

Mimi nilikuwa nataka saa kumi na mbili.

Ofisa akalitangaza mbele ya wote, na watu wakapiga makofi tena, makubwa kuliko yale ya kwanza. Mwenye nyumba hakupiga. Alinitazama kutoka upande wa pili wa ua, juu ya vichwa vyote, kwa ule mtazamo wa mtu anayekumbuka jioni fulani ya mvua na kutamani angekuwa ametoka na mwavuli wa pili.

Nikaketi. Nikapanga leso yangu magotini. Kisha nikasimama tena.

"Na Jumamosi?"